Ukurasa Mweupe Barazani kwa Masista

Ukimuuliza Timothée Kasereka kazi yake, atakujibu kwamba anashika rezo ya masista, yaani mtandao wao wa kompyuta, kisha atageuza mazungumzo. Ni mtu mrefu, mabega yameinama kwa kukaa mbele ya kompyuta, na katika komini nzima ya Tshopo, mtaa wa Kisangani, hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Hata kijana wa toleka aliyembeba kila asubuhi kwa baiskeli alizoea kumtania kwamba amekalia kiti cha nyuma kama mtu aliyekalia kitanda chake.

Wazazi wake walitoka Butembo, yeye akazaliwa Kisangani. Baba yake aliuza sabuni na chumvi kwa jumla, na mvulana akakua katikati ya magunia, akifungua redio za watu na kuzifunga tena, mara nyingine bila zile skrubu za mwisho. Alikuwa bado shule ya msingi ilipokuja vita ya siku sita, yale majeshi mawili ya kigeni yalipochagua mji wa watu wengine wapigane humo. Makombora yalipoanza kuangukia nyumba za Tshopo, familia ilitoka mbio, wote wameshikana mikono. Mahali fulani katika msongamano, mkono wa dada yake Annette ukachomoka.

Baada ya vita mtu mmoja aliwaambia kwamba alimwona binti wa sura ile katika ua wa parokia, akikaa karibu na lango, akiulizia wazazi wake. Alingoja, hakuja mtu, akaondoka na wengine waliokuwa wakivuka mto. Wazazi wake walikuwa wamelala siku zote hizo katika parokia nyingine, umbali wa kutembea tu. Mama yake, mama Georgette, aliyapokea maneno hayo akiwa anapepeta mchele. Alimaliza kuupepeta, akaupika, akawapakulia watu, kisha akaingia chumbani na hakutoka mpaka kesho yake. Annette hakuonekana tena.

Basi ukitaka kujua kwa nini Timothée alikuja kutengeneza kisanduku cha sauti za waliopotezana, ndiyo hiyo sababu, na hakuna nyingine. Yeye mwenyewe hakumwambia mtu.

Kisanduku chenyewe kilikuja miaka mingi baadaye, vita iliporudi mashariki, Goma ikaanguka, na baada yake Walikale. Watu wakaanza kuingia Kisangani kwa barabara ya Lubutu, wengine juu ya malori, wengi kwa miguu, na nyumba ya wageni ya masista ikajaa hadi jikoni. Walifika bila simu, kwa sababu simu ndiyo kitu cha kwanza kunyang'anywa kwenye vizuizi vya msituni. Aliyebaki nayo alikuwa akipiga namba ambazo hazipo tena. Mume alikuwa hajui kama mke amepita, na mke hajui kama mume yuko mbele au nyuma.

Timothée alichukua kompyuta ndogo isiyozidi ukubwa wa sahani, akaiweka kabatini mwa ofisi yake. Anayefika, akitaka, anaingia kwa Timothée, anasema jina lake na maneno machache, na sauti yake inahifadhiwa humo. Barazani alifunga tableti ukutani, imeunganishwa na mtandao wa wageni, ulio tofauti na wa masista, na mbele yake kiti. Anayetafuta mtu anakaa, anafungua ukurasa wenye kichwa kisemacho "Sauti zinazokungoja", anaona majina, anagusa na kusikiliza. Intaneti ikikatika, na kwetu hukatika sana, kisanduku kinaendelea kusema. Mama mmoja wa Masisi alimsikia mwanawe kwa njia hiyo, akaangua kilio kilichowatoa masista kanisani. Walipomfikia walimkuta anacheka.

Sista Odile, msimamizi wa nyumba, aliweka sheria moja tu kuhusu baraza lile: mtu asiulizwe anamtafuta nani. Wageni hawa walikuwa wameulizwa na askari, wakaulizwa na watu wa misaada wenye makoti yenye mifuko mingi, mpaka wengine walianza kutetemeka wakisikia neno "jina". Basi mgeni aketi, asikilize, na aliye karibu ageuke aangalie mto unaopita mbele ya nyumba. Akitaka kusema atasema mwenyewe. Ilikuwa sheria ya huruma, na wote waliishika.

Timothée aliishika kupita wote. Hakuweza kuvumilia kile kiti. Kila akiona mtu amekaa pale na kidole kimeinuliwa, alimwona binti karibu na lango la parokia. Kwa hiyo alikuwa akipita mlango wa nyuma, karibu na bomba la maji, anaingia ofisini, na jioni anatoka kwa njia ileile.

Hilaire alifika mwanzoni mwa mvua. Alikuwa fundi seremala wa Walikale, mikono imejaa makovu ya patasi, na alikuwa amempoteza mkewe Prudence usiku walipokimbia, kila mmoja na kundi lake. Alikaa mbele ya Timothée na kofia mapajani.

"Niseme tu?" aliuliza.

"Sema, papa. Kama vile bibi yako iko hapa mbele yako."

Hilaire alisafisha koo. "Prudence, niko muzima. Nimefika Kisangani, kwa masista. Nakwenda Isangi, banasema kule banatafuta bafundi ya kutengeneza pirogi. Ukisikia hii sauti, usirudi nyuma. Bakia hapa. Miye njo nitakuja kukubeba." Akamwangalia Timothée. "Inatosha?"

"Inatosha, papa."

Siku iliyofuata alishuka mto kwenda Isangi kuunda mitumbwi, akaahidi kurudi mwisho wa mwezi.

Katikati ya mwezi uleule programu iliyoendesha rezo nzima ya nyumba ilifikia mwisho wake. Ilikuwa ya zamani, walioitengeneza walikwisha kuitupa, na mapadri wa dayosisi walileta nyingine mpya. Timothée alihamisha kila kitu kwa uangalifu wake wa kawaida: mtandao wa masista, mtandao wa wageni, maneno ya siri, yote. Palepale kati ya maswali mengi, programu mpya ikamuuliza kama anataka wageni watengwe, wasiweze kuona kitu chochote cha ndani ya nyumba. Alifikiri kidogo. Wiki hiyo watu wawili waliovaa vizuri walikuwa wamekuja kunywa soda barazani, simu mkononi, wakiuliza mambo yasiyowahusu, na katika mashine za masista kulikuwa na picha za watu waliokimbia na mahali walikolala. Akajibu ndiyo, watengwe. Yeyote mwenye akili zake angejibu vile.

Kisha akajaribu kazi yake. Watu wa kompyuta wana ugonjwa mmoja, nao ni kujaribu kitu wakiwa wamekalia kiti chao wenyewe. Alifungua ukurasa wa sauti hapohapo ofisini, akitumia mtandao wa masista, akagusa jina moja, sauti ikasema. Akagusa la pili, likasema. Kwenda barazani kugusa ile tableti kama mgeni, hakwenda. Pale palikuwa na mtu amekaa. Alitoka kwa mlango wa nyuma akaenda nyumbani kula pondu ya mama yake, yale majani ya muhogo.

Kuanzia siku hiyo tableti ya barazani iliendelea kuwaka. Intaneti ilifunguka, mawimbi yalikuwa kamili, na ukurasa ulionyesha kichwa chake kilekile, "Sauti zinazokungoja". Chini yake palikuwa peupe. Majina hayakuja, kwa kuwa wageni walikuwa wametengwa na kabati la ofisini, na hakuna neno lililotokea kusema kwamba kuna hitilafu. Aliyekaa pale aliona weupe akaelewa kile ambacho mtu yeyote angeelewa: hakuna anayekungoja. Na anayepata habari ya namna hiyo hapigi kelele kwamba mashine imeharibika. Anainuka taratibu, anarudisha kiti mahali pake, anashukuru.

Prudence alifika siku chache baada ya hapo. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kitenge cha buluu kilichopauka, na miguu iliyofungwa vitambaa. Sista Odile alimpa uji, mahali pa kulala, dawa ya vidonda. Asubuhi alikaa kwenye kiti. Sista aligeuka akaangalia mto, kama ilivyo sheria. Alipogeuka tena, Prudence alikuwa amesimama, anakifuta kiti kwa ncha ya kitenge chake.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Kila baada ya misa alikaa, akafungua, akatazama. Aliwasaidia wapishi kumenya mihogo, na hakumtajia mtu jina la mumewe wala hakuomba kuacha sauti yake. Masista walimwona ni mama mtulivu.

Siku moja Timothée alimkuta nyuma ya nyumba, ananawa miguu bombani. Alimsalimu apite zake, naye akamwita.

"Papa, ni weye njo unashikaka ile mashini ya baraza?"

"Ni miye, mama."

"Inasemaka kweli?"

Timothée alitabasamu. Ni mara chache mtu alimuuliza habari ya kisanduku chake, na moyo wake ulipata joto. "Ile haidanganyake batu, mama. Ata rezo ikufe, yenyewe inasema tu."

"Aksanti, papa," alisema Prudence, akaendelea kunawa.

Jumamosi iliyofuata alikunja kitenge chake akaenda kumuaga Sista Odile. Kulikuwa na lori linalorudi Lubutu kuchukua mafuta ya mawese.

"Donc unarudia kule?" Sista alishtuka. "Kule kwenye vita, mama?"

"Bwana yangu hakufika, Sista. Kama haiko hapa, ni kusema iko nyuma. Labda bamemuumiza, labda iko mu pori. Nitamuacha je?"

Sista Odile alikuwa na swali mdomoni, lile swali moja alilolikataza yeye mwenyewe, na akalimeza. Tena aliamini kisanduku, kama wote walivyokiamini. Kama mume wa mama huyu angepita hapa, si sauti yake ingekuwa imesema? Alimfungia kwanga, ule mkate wa muhogo, na samaki mkavu kwa njia, akampa rozari, akasimama langoni mpaka lori likapotea.

Hilaire alirudi mwisho wa mwezi, kama alivyoahidi. Alipanda kutoka bandarini na samaki wa Isangi waliofungwa kwa majani, zawadi ya masista. Hakumuuliza mtu kitu. Aliketi kwenye kiti barazani aone kama kuna sauti ya mkewe, na kama haipo, basi walau asikie yake mwenyewe, ajue inaendelea kumwita. Akaona weupe.

Wengi walikuwa wameuona weupe ule kabla yake. Lakini huyu alijua kwa hakika kwamba pale pana sauti moja, kwa kuwa aliiweka mwenyewe. Aliinuka, akazunguka nyumba, akagonga mlango wa ofisi.

"Papa Timothée, sauti yangu mulipeleka wapi?"

"Iko, papa Hilaire. Ingia. Angalia." Timothée aligeuza kioo cha kompyuta, akagusa jina. *Prudence, niko muzima*, kisanduku kikasema. "Unaona? Iko."

"Kwako iko," alisema Hilaire. "Bon. Kwetu kule haiko."

Timothée aliinuka. Alipita mlango wa mbele kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu, akasimama mbele ya tableti. Alifikiri ni tableti, akaizima na kuiwasha. Weupe. Alifikiri ni mawimbi, lakini mawimbi yalikuwa yamejaa, na habari za Kinshasa zilifunguka mara moja. Alikiita kisanduku kutoka pale barazani kwa anwani yake, hakikujibu. Alirudi ofisini akakiita, kikajibu papo hapo. Kisanduku ni kizima, tableti ni nzima. Basi tatizo lilikuwa kati yao. Alitoa simu yake mwenyewe mfukoni, akaiondoa kwenye mtandao wa masista, akaiingiza kwenye ule wa wageni, akafungua ukurasa. "Sauti zinazokungoja", na chini yake peupe.

Hapo akakumbuka swali la programu, na ndiyo yake.

Alikaa chini kwenye sakafu ya baraza. Sista Odile alikuwa ametoka jikoni na mikono yenye unga, akamwona vile, akamwona na mgeni aliyesimama na kofia mkononi. Akauona ule weupe juu ya ukuta. Sista hakuwa mtu wa kompyuta, lakini hakuhitaji kufafanuliwa. Aliivunja sheria yake.

"Papa, uko unatafuta nani?"

"Bibi yangu, Sista. Prudence. Mwembamba hivi. Pengine anavaa kitenge ya buluu."

Sista Odile alimkumbuka mara moja. Alikaa kwenye kiti cha wageni akafunika uso kwa mikono, unga ukabaki kwenye nyusi zake. Hilaire alimtazama yeye, akamtazama Timothée.

"Alifika?" aliuliza.

"Alifika," alisema Sista. "Alikaa hapa juma moja na zaidi. Kila siku alikuwa anaangalia. Amerudia Lubutu kukutafuta."

Timothée angeweza kunyamaza hapo, na hakuna ambaye angejua. "Aliniuliza, papa," alisema akiwa bado sakafuni. "Aliniuliza miye kama mashini inasema kweli. Nilimujibia haidanganyake."

Hilaire hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu kama angepiga. Aliweka samaki wake chini, akaivaa kofia, akaivua tena.

"Tengeneza," alisema.

Timothée alitengeneza, na Hilaire amesimama nyuma ya bega lake. Hakuondoa ukuta wote, kwa maana wale wawili waliovaa vizuri wangeweza kurudi; alifungua mlango mmoja tu katika ukuta ule, kutoka kwa wageni hadi kwenye kisanduku, na usifike pengine. Wakaenda barazani. Bado weupe. Alirudi, akatafuta, jasho likimdondokea mikononi, akaona kwamba programu mpya iliwapa wageni anwani nyingine kabisa, na kisanduku kilifundishwa zamani kujibu zile za kale tu. Akakifundisha upya. Kazi yote ilikuwa fupi kuliko kupika chai. Ndicho kilichomuumiza, kwamba ilikuwa fupi vile.

Majina yalijaa ukurasa. Hilaire aligusa la kwake mwenyewe, na sauti yake ikasema juu ya baraza, polepole, kwa lafudhi ya Walikale, mbele ya watu walioketi na vifurushi vyao: *Ukisikia hii sauti, usirudi nyuma. Bakia hapa. Miye njo nitakuja kukubeba.*

Hilaire alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anataka kusema nyingine. Timothée alimfungulia, akatoka nje amwache peke yake, lakini ukuta ni mwembamba na alisikia. "Prudence, nimekufuata Lubutu. Kama umerudia hapa, safari hii usiende tena. Ngoja tu. Ata ikawa mingi, ngoja."

Alipata lori siku ileile. Timothée alimsindikiza mpaka barabarani, na kijana wa toleka alipoona mtu huyu mrefu anatembea haraka, karibu anakimbia, hakumtania. Hilaire alipanda juu ya magunia, akainua mkono.

Juma lililofuata mapigano yalisogea, barabara ikafungwa. Ilipofunguliwa tena malori yalirudi, na Timothée alienda kuulizia kila moja. Dereva mmoja alikumbuka seremala aliyeshuka njiani, akaingia msituni kwa miguu baada ya kuambiwa kuna kundi la wanawake limejificha huko. Kuhusu mwanamke mwenye kitenge cha buluu hakuna aliyekumbuka, au walikumbuka wengi mno, kwa maana vitenge vya buluu vilikuwa vingi barabarani.

Jioni hiyo alimweleza mama yake yote, tangu lile swali la programu. Mama Georgette alimsikiliza bila kumkatiza. Hakumwambia kwamba si kosa lake. Alimshika mkono, akaushika sana, mpaka chakula kikapoa.

Sasa mlango wa nyuma umefungwa. Timothée amehamisha meza yake barazani, hatua chache kutoka kwenye kiti, na Sista Odile amefuta sheria yake. Kila asubuhi kabla wageni hawajaanza kukaa, Timothée huketi mwenyewe kwenye kile kiti, huinua kidole, na hugusa jina moja ili ajue kama leo njia iko wazi. Hugusa lilelile siku zote. Sauti ya Hilaire hupita juu ya baraza na uani, na wapishi huacha kutwanga mpaka imalizike.

Juzi alikuwapo mama mgeni, aliyeshuka alfajiri kutoka lori la Lubutu, amekaa sakafuni na furushi la nguo. Aliisikia sauti ikimwita Prudence, ikimwambia abaki, ikimwahidi. Alimtazama Timothée kwa aibu, kama mtu aliyepewa kitu cha mwingine.

"Papa, unisamehe. Miye si Prudence."

"Najua, mama," alisema Timothée, akainuka kumwachia kiti. "Weye unatafuta nani?"